Uliza Jirani: Hesabu waone wote, jina asijue mtu

Toleo hili barua nyingi zimekuja na jambo moja, vikundi vya majirani vya kumshika mkono mtu aliyekwama, sio vikoba, sio mchezo wala upatu, vile ambavyo unatoa na huna mpango wa kurudishiwa. Nimechagua tano, za wengine zinafanana na hizi kwahiyo msinune, majibu yenu yamo humu humu.

Anti, habari za kazi. Mtaani kwetu huku Mbagala tulianza baada ya jirani yetu fundi ujenzi kuanguka kazini akavunjika nyonga, mkewe anauza vitumbua, kodi ikaisha na mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo. Tukachangishana kwenye grupu la wosap la mtaa ikapatikana. Toka hapo kila nyumba inatoa elfu mbili kwa wiki, wengine elfu tano, wengine wanaleta unga. Sasa matatizo yameanza, wapo wanaosema hela inakaa tu ya nini tukopeshane izae, wapo wanaolalamika fulani kasaidiwa mara mbili mimi sijawahi, alafu hela zote ziko kwenye simu ya mhazini. Na tunataka kujisajili ila hatujui sisi ni NGO au nini. Tushauri kabla hatujagombana. (Msomaji, Mbagala)

Ndugu yangu wa Mbagala, hongereni sana na msikate tamaa, maana mmefanya kitu ambacho mitaa mingi ya Dar imeshindwa. Sisi kuchangia tunajua jamani. Mtu akifa saa nne asubuhi, saa sita turubai lishafungwa, viti vimefika, daftari la rambirambi liko mezani na vijana wanagawa maji. Harusi ndo usiseme, kamati, kadi za mchango, unapigiwa simu kukumbushwa ahadi yako kama vile unadaiwa na benki. Lakini baba wa watu kakosa kodi miezi mitatu na watoto wanalala na uji nyumba ya pili hapo, hakuna kamati wala turubai, kila mtu anasikia ugomvi wa mwenye nyumba kupitia ukutani na ananyamaza. Na inauma zaidi kwamba huyo huyo akifa tutaenda na rambirambi nono. Nyinyi mmeziba hilo pengo, msikubali livunjike kwa ajili ya simu ya mhazini.

Nianze na hilo la kukopeshana. Hapana, na nalisema kwa nguvu. Mkishaanza kukopesha mtaanza kumuangalia mtu kwa uwezo wake wa kurudisha, hakuna namna mtakwepa hilo, na mwenye uwezo wa kurudisha ni yule mwenye genge lake linatembea vizuri, sio mama mwenye mgonjwa ndani na hajui kesho atapika nini. Baada ya miezi michache mtajikuta mnawasaidia wenye nafuu na waliokwama kweli wameacha kuja kwa sababu wanaogopa marejesho. Wanaotaka hela izae waanzishe kikoba chao pembeni, tena kwa hela nyingine, na wajue kwamba kikundi kinachokopeshana kinaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, kinatakiwa kisajiliwe kupitia halmashauri.

Na hata kina mama wa vikoba wenyewe hawachanganyi, waulizeni. Huo mfumo chimbuko lake ni vikundi vya akina mama wa vijijini huko Niger, CARE waliuanzisha mwaka 1991, na mpaka leo ukikaa kwenye kikao cha kikoba utaona hisa zinahesabiwa peke yake na mfuko wa jamii unahesabiwa peke yake, mara nyingi kwenye bakuli tofauti kabisa. Mfuko wa jamii ndo wa kuuguza, kufiwa, kuunguliwa na nyumba. Hela yenu yote nyinyi ni hilo bakuli la pili, muiache hivyo hivyo.

Mhazini. Simsemi vibaya simjui, anaweza kuwa mtu safi kuliko wote, lakini laini yake ni laini yake. Simu ikiibiwa, yeye akiumwa, au akiwa na deni la Songesha, ule mkopo wa kwenye M-Pesa, mchango wenu ukiingia tu unakatwa hapo hapo kulipia deni na hata yeye hakukusudia, sasa ataanzia wapi kuwaeleza? Kuna huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba ambazo hela haitoki mpaka na viongozi wengine waidhinishe, au mfungue akaunti ya kikundi benki yenye wasaini watatu. Kama bado mko wachache na hela ni ndogo, angalau mhazini awe na laini ya pili ya kikundi tu, isiyokopa, na kila jumapili jioni anarusha salio kwenye grupu.

Alafu daftari. Nunueni kaunta buku moja ngumu, lile la mistari lenye kava jeusi au jekundu, na mlipige kolamu: tarehe, imeingia, imetoka, imetoka kwa shida gani, namba ya msaada, salio. Ona hapo hakuna kolamu ya jina. Jina linakaa kwenye kidaftari kingine kidogo anachokaa nacho katibu, na watu watatu tu ndo wanajua namba 14 ni nani. Mwisho wa mwezi mnasoma mbele za watu, imeingia laki mbili na themanini, imetoka kodi moja, dawa mbili, umeme mmoja, sare za shule jozi mbili, salio hili hapa. Mtu anayetoa elfu mbili yake ana haki ya kujua imekwenda kwenye nini mpaka shilingi ya mwisho. Hana haki ya kujua imekwenda kwa nani. Hii ndo nguzo ya kikundi chochote cha majirani na mkiisimamia hii mengine yote yanarekebishika, maana kikundi hufa kwa sababu mbili tu, hela isiyoelezeka, au mtu mmoja aliyesaidiwa kutangazwa kwenye foleni ya maji.

Na hela msimpe mtu mkononi kama kuna njia ya kulipa pale penye shimo. Sio kwamba hawaaminiki, ila hela taslimu kwenye nyumba yenye shida ina wenyewe wengi, wa deni la juzi anapita, shemeji anapiga simu, mpaka jioni kodi imeliwa. Kodi lipeni kwa mwenye nyumba na mdai risiti au hata meseji, na mara nyingi watu watatu wenye heshima wakienda kukaa naye anakubali kupokea miezi miwili badala ya sita. Umeme ombeni namba ya mita tu, mnamnunulia token anaingiza mwenyewe. Dawa, lipeni duka la dawa. Chakula, nendeni kwa Mangi mwenye duka la mtaa. Na kwa Mangi kuna utaratibu wake mzuri sana ambao nimeuona ukifanya kazi: karibu kila Mangi ana daftari la madeni chini ya kaunta, limekunjwa kunjwa na kalamu imefungwa kwa uzi. Katibu anaenda mchana watu wakiwa wachache, anasema naomba nimalizie ukurasa wa mama fulani na uache elfu thelathini ya mbele, Mangi anapiga mstari ukurasa mzima, anaandika salio. Yule mama akija jioni kuomba nusu ya unga akope tena anaambiwa tu mama huna deni, chukua. Wateja waliosimama nyuma yake hawajui kitu. Mwambieni Mangi mapema asitaje.

Kuhusu fulani kasaidiwa mara mbili, waambieni wanaolalamika kwamba huu sio mchezo wa kupokezana, ambaye hajawahi kusaidiwa amshukuru Mungu. Ila wekeni kiwango cha juu kwa kaya moja kwa miezi mitatu ili msimalize mfuko kwa nyumba moja, na kinachozidi hapo kipelekwe kikaoni kama shida ya namba fulani bila jina. Na mjue msaada usiotoka mfukoni kwenu. Mgonjwa asiye na uwezo, aanze na barua ya serikali ya mtaa kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, sera ya afya inatoa msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 kuendelea wasio na uwezo, na wengi wanalipa kwa kutokujua tu. Shule za serikali ada hakuna toka 2016 mpaka kidato cha nne, na kidato cha tano na sita toka 2022, kwahiyo mtu akija na shida ya ada ya shule ya serikali muulizeni vizuri, kinachomsumbua kitakuwa sare, viatu, madaftari au mchango wa chakula. Hizo ndo hela zenu ziende huko.

Usajili msiukimbilie. NGO ni sheria ya 2002 yenye ripoti zake na ada zake kila mwaka, nyinyi majirani mnaokusanya elfu mbili hamuhitaji huo mzigo. Andikeni katiba ya kurasa mbili, muhtasari wa kikao wenye saini za wote, muende kwa mtendaji wa mtaa awape barua, alafu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, pale mtatambuliwa kama kikundi cha kijamii na mtafungua akaunti bila shida.

Kwako Anti. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani huku Temeke, wiki ya pili sasa tumeachishwa watu kadhaa ghafla bila barua ya maana. Nina mke na watoto watatu. Majirani wana kikundi chao wameniletea ujumbe wanataka kunipa mchele, mafuta na laki moja lakini wanataka tupige picha ya makabidhiano waweke kwenye grupu ili wachangiaji waone. Mimi ni mtu mzima, watoto wangu wanasoma na watoto wao. Nimekataa, mke wangu kanuna. Nimekosea? (Baba watatu, Temeke)

Hujakosea kaka yangu, na mkeo pia hajakosea kununa maana yeye ndo anaesimama jikoni. Pokea mchele, kataa picha. Wajibu hivi kwa upole, nashukuru sana majirani, naomba mnisaidie bila picha, mhazini aandike kwenye daftari na mimi nitasaini. Saini inatosha kuwa ushahidi. Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi, na toka tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, huwezi kuisambaza hali ya mtu bila ridhaa yake, na ridhaa ya mtu mwenye njaa aliyeshikiliwa mfuko wa mchele mbele yake mimi siiiti ridhaa. Nalisema hili na kwa vikundi vyote vinavyosoma, acheni hizo picha. Mtoto ataitwa mtoto wa mchele wa msaada mpaka anamaliza la saba. Mchangiaji akidai ushahidi mpeni risiti ya duka na ukurasa wa daftari.

Lakini kaka kilichonishtua kwenye barua yako ni hiyo wiki ya pili. Umesema mmeachishwa bila barua ya maana, kama unaona hukutendewa haki una siku 30 tu toka siku ya kuachishwa kupeleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na huhitaji wakili kuanza, unajaza fomu yao. Zikipita utaanza kuomba ruhusa ya kuchelewa na hapo ni safari nyingine. Nenda wiki hii, nenda na wenzako, beba kitambulisho cha kazi, hati za mshahara kama unazo, hata meseji za mishahara zilizoingia benki. Kama umefanya kazi zaidi ya mwaka ulizia na kiinua mgongo, sheria inasema mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka 10. Alafu pita NSSF uliza fao la kukosa ajira, kama umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe unaweza kulipwa karibu theluthi ya mshahara wako kwa miezi 6. Hiyo ni kubwa kuliko laki moja ya majirani, na ni jasho lako mwenyewe.

Na majirani zako, kama wanasoma hapa, nauli ya kumfikisha mtu CMA kabla ya siku 30 ni msaada mkubwa kuliko gunia.

Shikamoo Anti. Niko Mwanza, tuna kikundi cha wanawake wa jirani tunasaidiana. Mwenzetu anauza dagaa Kirumba, amechukua mkopo kausha damu sehemu tatu, analipa kila siku, analipa huyu kwa hela ya yule, wamemchukulia kadi ya benki na namba ya siri, na kuna mmoja wa kwenye simu anawatumia meseji za matusi mpaka wakwe zake. Wengine wanasema tumlipie yaishe, wengine wanasema tukilipa atakopa tena. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Msilipe kwanza, kaeni naye kwanza. Chagueni wawili anaowaamini, mfunge mlango, mchukue karatasi muandike kila deni: alichukua shilingi ngapi mkononi, kashalipa ngapi mpaka leo, wanasema imebaki ngapi, kaandika nini na kasaini nini. Atalia, mwacheni alie, ila orodha imalizike. Mara nyingi mkijumlisha mnakuta kwa mmoja wao kesharudisha mara mbili ya alichochukua.

Kisha muangalie nani kati ya hao ana leseni. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu, na orodha yao iko kwenye tovuti ya BoT mtu yeyote anaisoma, na wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea akiba za watu, waliwekewa kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi, sasa mtu anayedai asilimia 30 kwa wiki mbili huyo anajua kabisa anafanya nini. Hao wa kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, tafuteni kama huyo yumo. Zile meseji za matusi kwa wakwe msizifute hata kama zinaudhi, pigeni skrinshoti zenye namba na tarehe, mpeleke polisi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana namba za ndugu zake walizichota kwenye simu yake.

Kadi ya benki, aende benki leo sio kesho, aseme kadi haipo mikononi mwake ifungwe apewe mpya, na namba ya siri mpya. Deni litabaki na atalilipa kwa makubaliano, lakini asiwe mtu ambaye hela yake inatolewa kabla hajaiona.

Hapo ndo mfuko wenu uingie, na uingie kwenye chakula cha nyumbani na mtaji wa dagaa, sio kwa mkopeshaji. Mkimpa ndoo chache za dagaa auze huku nyumbani kuna unga wa wiki mbili, hatakuwa na sababu ya kukimbilia mkopo wa nne, na kwa wenye leseni mtaenda naye kuomba marejesho yashuke yawe ya wiki. Hilo la atakopa tena, inawezekana. Mkae naye kila wiki kwa muda, muangalie ile karatasi. Na kwa baadae, mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimama 2023 ikarudi 2024, muulizeni afisa maendeleo ya kata masharti ya kikundi. Ila asiichukue akiwa bado na hao watatu mgongoni, itaishia kwao yote.

Assalaam alaykum. Kikundi chetu Tanga ni cha waislamu na wakristo pamoja, tunaishi vizuri. Mimi nataka kutoa zaka yangu kupitia kikundi maana wanawajua wenye shida kuliko mimi, je inafaa?

Waalaykum salaam. Sadaka toa hata leo, haina shida, inamfikia jirani yeyote. Zaka ina wapokeaji wake nane waliotajwa kwenye Sura At-Tawba aya ya 60, mafakiri na maskini wamo na wenye madeni wamo, kwahiyo muulize sheikh wako akuelekeze nani anastahili, alafu umwambie katibu akufungulie kolamu yake isichanganyike na mfuko wa wote. Jirani zako wakristo wa jumuiya ndogo ndogo nao wana sadaka zao zenye utaratibu wake, hawatashangaa.

Niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Nataka kuchangia kikundi cha mtaani kwetu Magomeni kila mwezi lakini naogopa, hela nyingi nilizotuma nyumbani zimepotea. Nitajuaje inafika?

Mdogo wangu pole, hela yako ina jasho la mbali. Usitume kwa mtu, tuma kwa laini au akaunti ya kikundi, na kabla ya kutuma omba wakupigie picha ukurasa wa mwezi uliopita wa daftari. Ukiona imeingia, imetoka na salio vinakubaliana, anza na kidogo miezi miwili mitatu, uone kama mchango wako unatokea kwenye ukurasa unaofuata kwa tarehe uliyotuma. Wakikuzungusha kukuonyesha daftari, kaa na hela yako. Usidai majina ya waliosaidiwa, hata kama ni mtaa wako na unawajua wote. Na usichange kile ambacho ukikosa mshahara mwezi mmoja kitakukwamisha huko ugenini. Ukituma, weka na ya kutolea, maana makato ya kutoa yakikatwa kwenye mchango daftari haliwezi kukubaliana na meseji na hapo ndo watu wanaanza kumtilia mashaka mhazini bure.